Sahani ya Shemeji

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Pale Igoma ninapochomelea mageti, mafundi wenzangu wakiona nimenyamaza wanasogeza nyundo mbali nami. Kwa hiyo mtu asije kuniambia hasira hasara, hilo nimeambiwa tangu shule ya msingi na halijanisaidia. Ninachotaka kujua ni kimoja tu: wewe ungekuwa mimi, mimi Masele, ungefanyaje? Mke wako anakwisha mbele ya macho yako. Mtu pekee anayeweza kumwokoa amekaa mezani kwako, na kijiko kwa kijiko anajifunga mwenyewe asiweze kumwokoa. Na wewe huruhusiwi kusema neno.

Huruhusiwi kwa sababu kwetu mgeni hatazamwi sahani. Mwenyeji anayehesabu matonge ya mgeni ni mchoyo, na jina la uchoyo likishakukaa, hata ukifa watalitaja msibani. Mgeni akiwa kaka wa mke wako, hapo ndiyo usithubutu kabisa. Ukimtazama shemeji yako anavyokula, habari itafika ukweni Magu kabla wewe hujanawa mikono.

Mke wangu ni Evelina, mama Winnie. Figo zake zilikufa zote mbili. Ilianza miguu kuvimba, tukasema ni kusimama sana dukani. Ikaja uso kuvimba asubuhi, tukasema ni usingizi. Tulipofika hospitali, daktari alitutazama kama watu waliokuja kuzima moto nyumba ikiwa majivu. Sasa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anakaa kwenye mashine ya kusafisha damu, anatoka pale amesinyaa, midomo mikavu, anashika ukuta ndipo atembee. Daktari hakutuficha. Mashine inasogeza siku, alisema, dawa yake ni figo ya mtu.

Tukapimwa ukoo mzima. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kutoa mkono, wakaniambia haioani. Dada yake Dorotea ana kisukari, hakufika hata nusu ya vipimo. Akabaki kaka yake, Luhaga, mnunuzi wa ng'ombe anayeishi Kisesa. Alipoambiwa hakuuliza swali. Alisema ana mbili, moja ampe mdogo wake, basi. Vipimo vikatoka, vikalingana. Nililia pale kwenye korido watu wakinitazama, na sioni aibu kulisema.

Tatizo likawa mwili. Luhaga ni pande la mtu. Akija kijiweni kwangu nampangia viti viwili vya plastiki, kimoja juu ya kingine, ndipo akae. Daktari akasema hawezi kumpasua mtu mzima asiyeumwa akiwa na uzito ule na presha ile inayopanda na kushuka, maana akifia mezani watakuwa wameua. Apungue mpaka kiwango fulani, ndipo amwandikie rufaa waende Evelina akapandikizwe. Akaongeza kwamba asichukue mwaka mzima, kwa sababu moyo wa Evelina nao umeanza kulemewa.

Basi Luhaga akahamia kwangu, awe karibu na kliniki. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijawahi kuuamini msemo huo kama nilivyouamini siku ile aliposhusha begi lake.

Sasa sikia balaa. Kule mnadani kuna mtu alimwingiza kwenye kundi la WhatsApp linaitwa Wanga Kwaheri, la bwana mmoja anayejiita Kocha Obedi. Huyu Kocha hakuna aliyewahi kumwona uso vizuri, wanaona tumbo lake tu, picha ya zamani na picha ya sasa. Mafundisho yake ni mepesi. Adui ni wanga. Ugali, wali, viazi, mihogo, ndizi, chapati, hata michembe, vile viazi vikavu vya bibi yako, vyote sumu. Rafiki ni mafuta. Kula mafuta ushibe, ukishiba ongeza, kwa sababu mafuta hayamnenepeshi mtu asiyekula wanga, na yakizidi mwili unayakojoa. Unayakojoa! Mtu mwenye ndevu zake anaandika hivyo, na watu mia mbili wanamjibu kwa vidole gumba na mikono ya maombi.

Sitamsingizia mtu. Kuacha ugali kwenyewe hakukuwa kosa, na mwanzoni kulituvimbisha vichwa. Wiki za kwanza Luhaga alipungua kweli. Mkanda ukaongezwa tundu, shati likaanza kufungika. Evelina alimpigia makofi, Winnie akampiga picha, mimi nikanunua soda ya kila mtu kijiweni. Baadaye tulikuja kuambiwa kwamba sehemu kubwa ya ule uzito ilikuwa maji, kwamba mtu akiacha wanga mwili humwaga kwanza maji uliyokuwa umeyashikilia. Lakini wakati ule nani alijua? Tulimwona Kocha kama nabii.

Kisha mzani ukagoma. Luhaga akamwuliza Kocha, Kocha akasema mafuta hayatoshi, ongeza. Akaongeza. Asubuhi kahawa yenye kijiko cha samli kikielea juu. Saa nne mayai ya kukaanga, na parachichi. Mchana nyama ya nundu, ile ya mafuta matupu ambayo wachinjaji wa Kisesa wanamtunzia kwa urafiki. Jioni sangara, na hataki mnofu wa mgongoni, anataka tumbo, pale penye mafuta. Mzani ulipoanza kurudi juu, akaongeza tena.

Mpishi alikuwa Evelina. Nilimwomba amwachie Winnie, au mimi mwenyewe, akakataa. Alisema kaka yake anampa kiungo cha mwili, yeye ashindwe kumpa chakula? Anatoka kwenye mashine, hana nguvu ya kubeba kikombe, lakini anakaa kwenye kigoda jikoni anapika. Nilikuwa nikipita namwona anamimina samli juu ya mchicha mpaka mchicha unaogelea. Hapo Luhaga hajaomba. Anaongezewa tu. Nikajiambia mama Winnie naye ameshaamini Kocha, wamekuwa wawili.

Wakawa watatu. Mama mkwe, Bernadeta, akaja kutoka Magu na dumu zima la samli ya kutengeneza mwenyewe. Sikumlaumu. Kwao mtu anayekwenda kupasuliwa analishwa samli, kisu kimkute ana nguvu. Alisema mtu haendi kwenye kisu akiwa mkavu. Tena alifurahi kuona mwanawe anazidi kujaa, maana kule kijijini mwanaume akikonda watu wanauliza maswali mawili tu, na yote mawili ni ya kumvunjia heshima. Kwa hiyo hapo nyumbani kwangu Kocha wa kwenye simu na mila ya ukweni walikutana kwenye chungu kimoja, wakapatana vizuri sana.

Halafu vile vijiti. Kocha anauza vijiti vya kupimia mkojo. Ukikojolea, kikigeuka zambarau, maana yake mwili unachoma mafuta. Luhaga alikuwa anatoka chooni asubuhi amekishika kijiti chake juu, anatuonyesha sisi tunakunywa chai. "Naungua, shemeji," ananiambia, anacheka. "Naungua mafuta." Nami natazama lile tumbo limevuka mkanda, nalazimisha meno yangu kutabasamu. Kisha nakwenda kijiweni nasaga chuma kisichohitaji kusagwa, cheche zinaruka, mteja anauliza geti lake nalifanya nini.

Mara moja nilijaribu. Nilisema kwa upole, kwa namna ya utani, kwamba samli hiyo, shemeji, mbona kali. Luhaga akacheka. Evelina hakucheka. Tulipobaki wawili alinigeukia, akaniuliza kama nataka kaka yake ajue tunamhesabia chakula. "Akikasirika," alisema, "atarudi na figo yake Kisesa." Basi nikafunga mdomo. Ungefunga hata wewe.

Siku ya kliniki ilifika, Alhamisi. Tulikwenda wawili, mimi na Luhaga, Evelina akabaki kwa sababu alikuwa kwenye mashine jana yake na kesho yake anarudi. Njiani Luhaga alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kuchukua zawadi. Alinipigia hesabu ya lini tutasafiri, akaniambia nimtafutie mtu wa kuangalia ng'ombe zake.

Akapanda mzani. Nesi akatazama, akamwomba ashuke apande tena. Uzito ulikuwa umepita ule wa siku aliyoanza. Wakampeleka kwenye ultrasaundi. Daktari akarudi na picha, akasema ini nalo limelowa mafuta, na hapo mwanzo halikuwa hivyo. Kwa hali hii, alisema, siwezi kuandika rufaa. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuambia duka limefungwa.

Luhaga akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kijiti chake cha asubuhi, amekifunga kwenye karatasi ya chooni kama dawa ya thamani. Akakiweka juu ya meza ya daktari. Akasema mashine yao imekosea, kwa sababu yeye anachoma mafuta na ushahidi ni huu.

Daktari alitupeleka chumba cha pili kwa mtaalamu wa lishe, binti mmoja anaitwa Nusrat, mpole, anaongea polepole. Sitamsahau yule binti, kwa sababu hakumcheka. Alikichukua kile kijiti akakitazama, akasema ni kweli, kijiti hakijadanganya. Mtu akiacha wanga, mwili unabadilisha kuni. Sukari ikipungua, mwili unageukia mafuta, na ini linayageuza baadhi kuwa kitu ambacho mwili unakichoma, na kidogo sana cha kitu hicho ndicho kinachotoka kwenye mkojo na kugeuza rangi.

"Kwa hiyo kijiti kinasema unachoma mafuta, kaka," akasema. "Hakisemi ya nani. Ya tumbo lako, au ya sahani yako."

Luhaga akamwambia kwamba Kocha anasema yakizidi yanakojolewa. Nusrat akatikisa kichwa. Mafuta unayokula karibu yote yanaingia, akasema, yanapita kwenye damu, na yanayotumika yanatumika. Yanayobaki hayana pa kutokea. Yanakwenda stoo, na wala hayahitaji kugeuzwa chochote, maana yameshakuwa mafuta tayari. Ukiacha wanga hufungi mlango wa stoo. Stoo ikielemewa, yanaanza kukaa mahali pasipo pake, kama kwenye ini.

Akaona bado hatujashika vizuri. Akamwuliza Luhaga, kama una gunia la mkaa stoo, na kila asubuhi unaleta ndoo mpya kutoka sokoni, unapikia hiyo ndoo na inayobaki unamimina kwenye gunia, gunia litaisha lini? Kisha akasema kuacha ugali si vibaya, baadhi ya watu kunawafaa, lakini acha pia kumimina. Mafuta yawe ya kuungia tu. Mwili ukikosa ya sahani, utafungua gunia wenyewe.

Wakati tunaondoka, Nusrat akanitazama mimi. Alisema alidhani haya tulishaelezwa nyumbani. Alitaka kuongeza kitu, akaacha. Sikulishika lile neno. Kichwa changu kilikuwa kinavuma.

Na ningeweza kuituliza ile hasira, naapa, kama Luhaga hangefanya alichofanya pale nje kwenye maegesho. Alimpigia simu Kocha. Mbele yangu. Kocha akamwambia mizani za hospitali ni mbovu, madaktari hawakufundishwa mambo haya, aongeze samli kwa siku kumi mwili utashtuka uachie. Na Luhaga, baada ya yule binti kumweleza kama mtoto wa chekechea, akawa anaitikia kwa kichwa. Ndiyo Kocha. Sawa Kocha. Nilimtazama nikamwona mke wangu yuko ndani ya jeneza na huyu mtu amekalia kifuniko.

Tulifika nyumbani chakula kikiwa tayari. Mama mkwe yuko kwenye mkeka, nikamwamkia shikamoo, akaitika. Luhaga akaeleza kwamba hospitali mashine zao zimeharibika, mambo mengine yako vizuri. Mama mkwe akasema wabeja, akamshukuru Mungu. Evelina hakuuliza kitu. Aliinama, akamwekea kaka yake nyama, akamwekea mchicha, akachukua dumu la samli akamimina. Samli ilitoka taratibu, ya manjano, ikajaa mpaka ukingo wa sahani. Luhaga akapeleka mkono.

Sijui nilisimamaje. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimesimama na sahani ya shemeji iko mkononi mwangu, samli inanichuruzikia kiganjani.

"Sahani hii huli," nikasema. "Hiki ndicho kinachomuua mke wangu, na wewe unakila huku unacheka."

Nikatoka nayo nje, nikammwagia mbwa.

Kumnyang'anya mgeni sahani ni kosa. Kumnyang'anya shemeji mbele ya mama yake mzazi ni kosa lisilo na jina. Kumpa mbwa, hapo hata mimi niliyefanya sina la kusema. Mama mkwe alivuta kitenge akajifunika uso, asinione, nami nilistahili kutoonwa. Luhaga hakupandisha sauti. Alinawa mikono yake polepole, hadi vidole, kama mtu aliyeshiba. Akasema, "Nimekula kwako muda wote huu, shemeji, kumbe unanihesabu." Akavaa viatu, akatoka.

Nikasikia geti, lile nililolichomelea mwenyewe, likigonga. Basi, nikajiambia, figo imeondoka. Nimemuua mke wangu kwa mikono hii.

Nilimfuata Evelina jikoni. Nilikuwa nataka anitukane, nilihitaji kutukanwa. Yuko kwenye kigoda chake, dumu liko mapajani, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekasirika. Ulikuwa umetulia. Nikamwomba msamaha, nikamwambia nitakwenda Kisesa nikapige magoti, nitapeleka mbuzi, nitapeleka wazee, Luhaga atarudi.

Akasema, "Mwache aende, baba Winnie."

Nikadhani ni uchungu. Nikamwambia siwezi kumwacha aende, na tena alichosema yule binti wa lishe kinarekebishika, ni samli tu, ikiondolewa samli mwili utafungua stoo wenyewe. Nikaanza kumweleza habari ya gunia la mkaa.

"Na ndoo," akasema. "Najua. Alinieleza siku nyingi, mimi na yeye, nikiwa kwenye mashine. Alinieleza mpaka nikamrudishia mwenyewe, akaniambia nimeelewa vizuri."

Nilikaa chini, pale pale sakafuni. Lile neno la Nusrat la mlangoni likanirudia, na mchicha unaoogelea ukanirudia, na yale maneno yake, kwamba kaka atarudi na figo yake Kisesa, yakanirudia. Mwanamke huyu alijua. Wiki zote hizo, Kocha akisema ongeza, mama akisema ongeza, yeye peke yake hapo ndani alikuwa anajua samli inakwenda wapi, na yeye ndiye aliyeshika dumu.

Akanieleza bila kulia. Kabla ya Luhaga, mama yao alikuwa na mtoto mwingine wa kiume, mkubwa wao. Alikwenda kupasuliwa ngiri, kitu kidogo, watu walimsindikiza wakicheka. Hakuamka. Evelina alikuwa msichana wa shule, na ndiye aliyetumwa akamwambie mama yake shambani. Alisema hatatumwa mara ya pili. Angekataa kwa mdomo, lakini nani hukataa zawadi kama ile? Luhaga asingesikia, sisi tungemwita kichaa. Kwa hiyo akaachia kijiko kikatae. Mzani ungesema hapana kila mwezi, hakuna mtu angelaumiwa, na yeye angekwenda kwa zamu yake. "Mama ana mtoto wa kiume mmoja," akasema.

Nimeshasema mimi ni mtu wa hasira. Lakini hasira zote nilizowahi kuwa nazo, za wateja, za Kocha, za shemeji, zilikuwa michezo ya watoto. Hii ilinitoka miguuni. Nikamwuliza na mimi je? Nikamwuliza Winnie naye atatumwa kwa nani, akamwambie nani? Nikamwambia amekaa hapa jikoni anachagua nani afe, na hakuniuliza mimi ninayemshika mkono usiku asianguke chooni. Nikamwambia nimemvunjia heshima kaka yake na mama yake kwa ajili ya ujinga, kumbe si ujinga, ni yeye. Nilisema mambo mengi. Majirani wa Igoma ni mashahidi, waliyasikia yote.

Na si wao tu. Nilipogeuka, Luhaga amesimama mlangoni. Alikuwa amerudi kuchukua ufunguo wa pikipiki. Sijui alisimama pale tangu lini, lakini uso wake ulitosha kuniambia kwamba ni tangu mapema. Nyuma yake mama mkwe amesimama, kitenge kimeshuka mabegani.

Sikuwahi kumwona Luhaga amekasirika. Ng'ombe wakimpiga mateke anacheka. Siku ile alitetemeka mashavu.

"Figo ni yangu, Evelina," akasema. "Nani alikupa ruhusa ya kuikataa kwa niaba yangu, tena kwa kunilisha kama fahali wa mnada?"

Evelina akainamisha kichwa, akarudia neno lake lile lile kwa sauti ndogo, kwamba mama ana mtoto wa kiume mmoja.

Mama mkwe akaingia jikoni. Hakumtazama Luhaga, wala mimi. Alimnyang'anya binti yake lile dumu mapajani, dumu lake mwenyewe alilobeba kutoka Magu, akalipeleka nyuma ya mlango.

"Wa kiume, ndiyo, ninaye mmoja," akasema. "Nani alikuambia wa kike simhesabu?"

Hapo ndipo Evelina alipolia. Alilia vibaya, kwa hasira, anapiga goti lake kwa ngumi, anasema tumemwonea, anasema hatujui alichokiona yeye shambani siku ile. Hakuna aliyembembeleza. Mama yake alikaa chini karibu naye, bega kwa bega, akatazama mbele.

Luhaga akarudi mezani. Akakaa kwenye kiti chake, akanawa tena. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya chumba, mikono bado inanata samli, sijui niombe radhi kwa nani kwanza. Akatoa simu, akafungua lile kundi la Kocha, akabonyeza pale pa kujitoa, akaiweka mezani kifudifudi.

"Shemeji," akaniita. Hakuwa amenisamehe, sauti yake ilisema hivyo waziwazi. "Lete sahani. Pakua wewe, kile alichosema yule binti."

Nikamletea mchicha wa kuchemsha, na kipande cha sangara cha mgongoni, kikavu. Nikaweka mbele yake, nikageuka niondoke, maana mgeni hatazamwi.

"Unakwenda wapi?" akasema. "Kaa hapo. Hesabu."